Farasi 280 katika Foleni ya Tunduma

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Tunduma, na kama umewahi kufika huko hapana haja nikueleze habari za foleni. Malori yamepangana tangu nje ya mji, tela nyuma ya tela. Madereva wamejinyosha chini ya magari yao, na mama lishe wanapita katikati na sufuria zao kana kwamba barabara kuu ya kwenda Zambia ni ua wa nyumba. Kituo cha pamoja cha huduma mpakani, kilichofunguliwa Oktoba 2019, kimepunguza kazi ya kugonga mihuri mara mbili, lakini foleni ya Tunduma ina tabia ya mto: ukiizibia hapa hupenya pale.

Siku hiyo, hata hivyo, macho yangu hayakuvutwa na malori. Kandokando ya barabara, yakiwa na vumbi la safari ya zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam, yalisimama magari madogo yaliyotoka Japani na yaliyokuwa yakielekea Zambia na Kongo. Miongoni mwake yalikuwamo matano au sita ya milango miwili, mafupi ya kimo na marefu ya pua, mithili ya wanariadha waliofungiwa katika chumba cha kumngojea daktari.

Mmoja wa vijana walioyaleta ni mdogo wangu wa tumbo moja. Kazi yake ndiyo hiyo: hulipwa kuyatoa magari bandarini na kuyafikisha mpakani, kisha hurudi Dar es Salaam kwa basi kuchukua jingine. Huku watu huyaita magari ya IT. Ana umri wa miaka 27, ana mke na watoto wawili waishio Vwawa, na kwa miaka minne amekuwa akiweka akiba ili amalizie nyumba ya mama yetu pale Mlowo, ambayo imefika kwenye lenta na kusimama. Tulipokwisha kuamkiana alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniambia: “Kaka, wewe ni mwandishi, mambo haya unayajua. Nisomee hii uniambie ipi kali.”

Ile karatasi ilikuwa orodha ya magari na nguvu zake za farasi. Naam, mdogo wangu anataka kununua gari la michezo, na fedha anayoifikiria ni ile ya lenta. Sehemu iliyopungua aliitazamia kutoka kwangu.

Nilikaa nayo karatasi hiyo usiku mzima katika nyumba ya wageni, na leo naomba ruhusa yako, msomaji, niijibu hadharani, kwa kuwa najua vijana wenye karatasi kama hiyo hawako Tunduma peke yake. Wako Mwenge, wako Soweto ya Mbeya, na hata baadhi ya wazee wenye mvi wanazo, ila wao wamezificha vizuri zaidi.

Kabla ya yote, neno lenyewe. Wauzaji huyaita magari haya kwa jina la Kifaransa lenye maana ya kitu kilichokatwa, kwa sababu ni kama gari la kawaida lililokatwa sehemu ya nyuma. Ulimi wetu ukilitamka jina hilo hupata “kupe.” Sitaki kumtania mtu katika jambo zito, lakini mfugaji yeyote wa Mbozi atakuambia kupe huishi kwa kitu gani.

Sasa tuje kwa farasi. Kipimo hiki tumekirithi kutoka kwa James Watt, fundi wa mitambo ya mvuke wa karne ya 18, aliyetaka wenye migodi waelewe mtambo wake unafanya kazi ya farasi wangapi. Kwa hesabu ya Wajapani, ambayo ndiyo iliyomo katika karatasi ya mdogo wangu, farasi mmoja ni nguvu ya kuinua kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja. Chukua gunia la kahawa la kilo 60, liongezee kilo 15, ulinyanyue mita moja kila sekunde bila kupumzika: hapo umekuwa farasi. Wachukuzi wa maghala ya Mlowo wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Injini huifanya kutwa.

Karatasi ilianza na Nissan Fairlady Z, ile iliyotoka mwaka 2002 yenye injini ya lita 3.5: farasi 280. Iliyofuata ni Mazda RX-8 ya mwaka 2003: farasi 250. Halafu Nissan Silvia ya mwisho, iliyotengenezwa tangu 1999 hadi 2002, ile yenye tabo: farasi 250 pia. Toyota 86 ya mwaka 2012 ilipewa 200, na Toyota Celica ya mwaka 1999, ile yenye injini kali, 190. Kwa mtazamo wa karatasi mashindano yamekwisha: Fairlady kwanza, Celica mkia. Hivyo ndivyo vijana wa pale kwenye foleni wanavyobishana, na ubishi wao huwa na shahidi mmoja tu, yaani tarakimu.

Lakini hebu tuiulize ile 280 imetoka wapi. Mwaka 1989 makampuni ya magari ya Japani yalikubaliana kimyakimya kwamba gari lolote linalouzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya farasi 280, kwa kuhofia serikali na ajali. Mapatano hayo yalidumu hadi mwaka 2004. Kwa hiyo kwa miaka 15 magari mengi makali ya Japani, yawe makubwa au mepesi, yaliandikwa 280, na baadhi yake yalikuwa na zaidi. Tarakimu hiyo ilikuwa dari la nyumba. Haikuwa urefu wa aliyemo ndani. Na iko tarakimu iliyokosea kwa upande wa pili: mwaka 2003 RX-8 ilipoingia Marekani ilitangazwa kuwa na farasi 247, na baada ya muda mfupi kampuni yenyewe ikaishusha hadi 238 na kuwaahidi walionunua kwamba itarudisha gari au kuwafidia. Msomaji, ikiwa mwenye kiwanda anaweza kuwakosea farasi tisa, kijana aliyeinakili kwenye simu ya rafiki yake anaweza kuwakosea wangapi?

Jambo la pili ni uzito. Fairlady ina kilo zipatazo 1,440. Gawanya kwa farasi 280 na kila farasi atabeba kilo 5.1. RX-8 ina kilo 1,310 hivi, na kila farasi wake anabeba 5.2. Tofauti ya farasi 30, iliyowafanya vijana wapigane vikumbo, imekwisha kuyeyuka kwenye mizani. Celica, ambayo ni nyepesi kwa kilo 300 kuliko Fairlady, inabeba 6.0 kwa farasi, na 86 inabeba 6.1 au 6.2. Kumbe ile ya mkia imeipita iliyokuwa mbele yake! Na Silvia, yenye kilo 1,240, inabeba chini ya 5.0. Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote kwa mzigo wa farasi, nayo katika karatasi ilikuwa ya tatu na wala haikupigiwa mstari.

Tatu ni mahali farasi wanapopatikana. Nguvu ya farasi ni zao la vitu viwili: msokoto wa injini, na kasi ya mizunguko yake. Celica huwatoa farasi wake wote 190 injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, na RX-8 huwatoa 250 ikizunguka mara 8,500. Chini ya hapo farasi wamo zizini, wanatafuna. Fairlady, kwa injini yake kubwa, ina msokoto wa Nm 363 kwenye mizunguko 4,800 tu, wakati Celica haina zaidi ya 180. Maana yake kwa dereva ni kwamba Fairlady utaikanyaga ukiwa gia ya nne nyuma ya lori la saruji na itaondoka. Celica itakubidi uirudishe gia mbili, uisikilize ikilia kama mwiko wa ugali uliokwangua sufuria, ndipo iende. Kwa maoni yangu hapo ndipo Fairlady inapostahili sifa zake, na si katika ile 280. Mdogo wangu, aliyeziendesha zote mbili tangu bandarini, alikiri jambo hili kabla sijamaliza sentensi. Mikono yake ilikwisha kulijua. Karatasi ndiyo iliyokuwa haijui.

Liko jambo la nne, na hili linawahusu hasa ninyi mnaoishi Nyanda za Juu za Kusini. Injini hula petroli pamoja na hewa, na hewa ya huku ni nyepesi. Karibu na Mbeya, pale Uyole, reli ya TAZARA hufika kilele chake cha mita zipatazo 1,789 juu ya usawa wa bahari, na barabara yetu hii haiko mbali na vimo hivyo. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Ukiwa kwenye mita 1,500 umekwisha kupoteza kama asilimia 15. Ile Fairlady iliyoondoka bandarini na farasi 280 imefika nyanda za juu na farasi wapatao 240. RX-8 imebaki na 212 au 213. Celica na 160 na ushee. Farasi 40 wa Fairlady wamebaki Kitonga, na hakuna aliyewaona wakishuka. Tabo, kwa kuwa kazi yake ni kuisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, huurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo. Basi ukizipandisha gari hizi Mbeya, Silvia yenye 250 huenda ikawa na farasi wengi kuliko Fairlady yenye 280. Isitoshe, injini hizi zilitengenezwa zipate petroli ya daraja la juu ya Japani. Zikipewa petroli hafifu zaidi hujichelewesha zenyewe kuwasha moto ndani ya silinda ili zisigonge, na farasi wengine wanaaga.

Nilipomweleza hayo asubuhi yake, tukinywa chai na chapati karibu na kituo cha mabasi, alinyamaza kidogo, kisha akatoa turufu yake. “Lakini kaka, Fairlady na Celica zilishinda Safari Rali. Hilo nalo hewa imelipunguza?”

Kweli zilishinda, na hapo nilifurahi kwa sababu hadithi hiyo naipenda. Wasomaji wetu wakubwa wanakumbuka mbio hizo zilipokuwa za Afrika Mashariki nzima, zikipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda akiendesha Datsun 240Z, ambayo Wajapani kwao waliiita Fairlady Z, naye Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, baada ya kulingana alama za adhabu na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Sasa tazama walioshindwa. Porsche 911, gari ambalo jina lake peke yake linatosha kumkosesha kijana usingizi, ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, ikashika ya pili tena 1974 na ya pili tena 1978, na katika miaka yote hiyo haikupata kuwa ya kwanza. Lancia Stratos, iliyowapa Waitalia ubingwa wa dunia miaka ya 1974, 1975 na 1976, haikupata Safari. Mwaka 1975 ilipitwa na Peugeot 504 ya Ove Andersson, gari la familia ambalo wengi wetu tumepanda likiwa teksi. Mwaka 1974 aliyeipita Porsche alikuwa Joginder Singh wa Kenya katika Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Safari haikuwa ikiuliza farasi wangapi. Ilikuwa ikiuliza springi ngapi zimepona, na radieta iko wapi baada ya kuvuka mto.

Na Celica? Ilishinda 1984, 1985 na 1986, ikarudi kushinda katika miaka ya 1990. Lakini zile za 1984 zilikuwa na tabo na zilisukumwa kwa magurudumu ya nyuma, na zile za 1990 zilisukumwa kwa magurudumu yote manne. Celica ya mwaka 1999 inavutwa na magurudumu ya mbele na haina tabo. Imerithi jina. Ni sawa na kijana kuitwa Nyerere, jambo ambalo ni zuri, lakini halimpi uwezo wa kuhutubia.

Hapo alicheka, na mimi nikaona nafasi ya kumwambia lililonipeleka Tunduma.

Sikwenda kwa ajili ya orodha ya magari. Nilikwenda kwa sababu shemeji, mkewe, alinipigia simu usiku mmoja. Mwezi uliotangulia kijana mwenzake katika kazi hii ya IT alipinduka na gari la mteja kwenye mteremko, wakishindana wawili nani atatangulia kufika mpakani. Yule kijana yu hai, lakini mguu wake una vyuma, na gari analidaiwa. Shemeji hakuuliza mengi. Aliuliza yule wa pili katika mashindano alikuwa nani, na alitaka nimuulize mimi, kwa kuwa yeye alikuwa anaogopa jibu.

Nilimuuliza. Alitazama chai yake kwa muda mrefu, kisha akasema, “Mimi nilikuwa mbele, kaka. Sikumwona akianguka. Nilidhani amechoka.”

Msomaji, nina stashahada ya uandishi wa habari, nami nimewahoji watu wengi, lakini sikuwa na swali la kufuatia hilo. Nilichukua kalamu nikageuza ile karatasi yake nyuma, nikaanza kupiga hesabu, maana ndiyo lugha aliyokuwa tayari kuisikia.

Gari la kilo 1,600 pamoja na watu wawili, likipanda mlima unaoinuka mita 7 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, linahitaji farasi 33 kwa kazi ya kupanda. Ongeza wengine kumi na kitu kwa ajili ya upepo na msuguano wa tairi, ongeza wanaopotea kwenye gia: hawafiki 60. Kati ya farasi 240 waliofika nyanda za juu, 180 wanasafiri kama abiria. Kazi yao inaanza pale tu unapoivunja sheria. Na mteremkoni hawana kazi kabisa. Mteremkoni kazi ni ya breki. Kwa kilomita 50 kwa saa, breki nzuri na lami kavu, gari husimama katika mita 12 au 13 tangu mguu ukanyage. Kwa 100 haitumii mara mbili ya hapo. Inatumia mara nne, karibu mita 50, na kabla mguu haujakanyaga, ile sekunde moja ya kushtuka imekwisha kula mita 28. Pale Mlowo, kutoka duka la mbolea hadi mahali watoto wa shule wanapovukia, nilimwomba akadirie ni mita ngapi. Alizaliwa hapo. Hakukadiria.

Katika mkoa huu wa Songwe ni kitu kimoja tu kilichowahi kufika kwa kasi isiyo na mpinzani bila kuhitaji breki, nacho ni kile kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zinazokadiriwa kuwa 12. Mpaka leo kiko palepale kilipotua.

Sasa, je, nilimkataza? Hapana. Mtu wa miaka 27 aliyefanya kazi kwa mikono yake hakatazwi kama mtoto, na mimi mwenyewe nikiiona Fairlady ikipita hugeuza shingo. Nilimwambia maoni yangu, nami nawaambia ninyi pia. Fairlady ina viti viwili, na nyumba yake ina watu wanne. Hilo lilimalizwa na shemeji kwa sentensi moja kwenye simu. RX-8 ina viti vinne na milango minne iliyofichwa kwa werevu, lakini injini yake haina pistoni. Ina vyuma vya pembe tatu vinavyozunguka, ambavyo hula oili kwa maumbile yake, na mwenyewe anaonywa asiiwashe ikiwa baridi, kuisogeza mita chache na kuizima, kwani hujaa petroli ikagoma kuwaka. Gari lisilopenda kusogezwa mita chache na kuzimwa, mnalileta katika foleni ya Tunduma? Silvia ndiyo ningeichagua kwa moyo, lakini Silvia ambayo haijachezewa na kijana mwingine kabla yako ni adimu. 86 ni nzuri, na bei yake ni nyumba ya mama pamoja na bati. Zote tano ziko karibu sana na ardhi, na matuta ya Vwawa hayajui habari hizo.

Ilibaki Celica, ya mwisho katika karatasi. Ni nyepesi, ina viti vinne japo vya nyuma ni vya watoto, na mafundi wa Toyota wako hata kijijini. Iko moja nyekundu Mbeya kwa mtu, na bei yake ingeacha fedha ya lenta karibu nzima. Nilimwambia nitachangia kwa masharti mawili. La kwanza ni letu sisi wawili na shemeji. La pili ni kwamba kabla ya kuuliza farasi, apige goti asome tairi. Ubavuni mwa kila tairi, katika kijiduara kirefu, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki iliyotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Magari mengi yaliyotumika huja na tairi zenye kashata nene na za kung’aa, ambazo mpira wake umekwisha kukauka kwa uzee. Tairi ya namna hiyo ndiyo inayobeba farasi wako wote, na upana wake unaogusa lami hauzidi sana kiganja.

Jumatano hii alikuwa Mbeya. Aliniletea ujumbe wa simu wenye picha ya ubavu wa tairi na maneno machache: “Kaka, zote nne zimeandikwa 1709.”

Nilimjibu ahesabu mwenyewe.